Nani Anafanya Nini? Mwongozo Kamili wa Msamiati wa Uraia na Serikali kwa Mwanafunzi

Niliwahi kusahihisha karatasi ya mwanafunzi aliyeandika hivi: "Serikali ilipitisha sheria, mahakama ikamkamata aliyeivunja, na polisi wakamhukumu kifungo." Tahajia ilikuwa safi na sarufi haikuwa na kasoro. Ungemwomba akupe maana ya serikali, mahakama na polisi angekutajia zote kwa ghibu, bila kukwama. Hata hivyo sentensi yake ilikuwa na makosa matatu. Anayepitisha sheria ni Bunge, wanaokamata ni polisi, na inayohukumu ni mahakama.

Tangu hapo niliacha kufundisha msamiati wa uraia kwa orodha ya maana. Nafundisha kwa vitenzi. Neno la uraia ni kama jina la mchezaji uwanjani. Ukilijua jina bila kujua anacheza namba gani, mchezo utakupita. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, na unafaa kwa mwanafunzi wa sekondari, mtu mzima anayejiandaa kwa mtihani, au yeyote anayesikiliza taarifa ya habari na kuona maneno yanampita.

Hatua ya 1: Andaa daftari la safu tatu

Safu ya kwanza andika neno. Ya pili andika vitenzi vyake, yaani mhusika huyo hufanya nini. Ya tatu andika nani anaweza kumzuia. Mstari mmoja uliokamilika unakuwa hivi:

Waziri | husimamia wizara, hutunga kanuni, hujibu maswali bungeni | aliyemteua anaweza kutengua uteuzi wake. Bunge linaweza kumhoji. Mahakama inaweza kubatilisha uamuzi wake

Safu ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye thamani. Ikibaki tupu, neno hilo bado hujalielewa, hata kama maana yake umeikariri neno kwa neno.

Hatua ya 2: Tenganisha maneno yanayofanana sura

Anza na manne: nchi, taifa, dola na serikali. Nchi ni eneo lenye mipaka yake. Taifa ni watu wanaojihesabu kuwa wamoja kwa historia, lugha au maisha ya pamoja. Dola ni mamlaka kuu inayotawala eneo na watu wake kwa nguvu ya sheria. Serikali ni wale wanaoiendesha dola kwa kipindi fulani.

Kipimo kizuri ni uchaguzi. Baada ya uchaguzi serikali inaweza kubadilika, lakini dola inabaki ileile. Ndiyo maana mkopo uliosainiwa na serikali iliyopita hulipwa na serikali iliyopo: mdaiwa ni dola, si watu waliokuwa ofisini siku ile.

Hapa kuna mtego. Neno serikali lina maana pana na maana finyu. Wanaosema "matawi matatu ya serikali" wanatumia maana pana, yenye Bunge na Mahakama ndani yake. Nchini Tanzania husemwa "mihimili mitatu ya dola", na Serikali ni mmoja tu wa mihimili hiyo. Ukisoma kitabu, tazama kwanza mwandishi anatumia maana ipi. Fikra yenyewe ya kugawa madaraka ilielezwa kwa nguvu na Mfaransa Montesquieu mwaka 1748: anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayeitumia kuamua kesi wasiwe mtu mmoja.

Mkuu wa nchi na kiongozi wa serikali ni kofia mbili. Uingereza kofia hizo ziko kwenye vichwa viwili: mfalme ni mkuu wa nchi, na Waziri Mkuu huongoza serikali. Tanzania, Ibara ya 33 ya Katiba ya 1977 inamfanya Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kwa hiyo ukiona cheo cha Waziri Mkuu, usidhani kina uzito uleule kila mahali. Rudi kwenye safu ya pili uulize anafanya nini.

Kisha raia, mwananchi na mkazi. Raia ni hadhi ya kisheria, na huthibitishwa kwa nyaraka. Mkazi anaishi mahali, awe raia au mgeni. Mwananchi ni neno la kawaida la mwenye nchi, na katika mazungumzo hutumika badala ya raia, ila kwenye mtihani wa sheria andika raia. Uraia hupatikana kwa kuzaliwa, kwa kurithi au kwa tajnisi, yaani mgeni anaomba na kukubaliwa. Mwenye uraia wa nchi mbili kwa wakati mmoja ana uraia pacha, jambo ambalo Katiba ya Kenya ya 2010 inaliruhusu.

Hatua ya 3: Panda ngazi ya sheria

Juu kabisa ipo katiba. Chini yake ni sheria zinazotungwa na Bunge. Chini ya sheria kuna kanuni, ambazo kwa kawaida hutungwa na waziri kwa ruhusa ya sheria husika. Chini zaidi kuna sheria ndogo za halmashauri na mamlaka nyingine za mitaa. Cha chini kikigongana na cha juu, cha chini ndicho kinachoanguka. Uingereza haina katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja, lakini hata huko kanuni ya waziri haiwezi kuipiku sheria ya Bunge.

Nchini Tanzania katiba hugawanywa kwa ibara, sheria kwa vifungu. Ukiandika "kifungu cha 33 cha Katiba" msomaji atakuelewa, lakini mwalimu mkali atakukata alama, na atakuwa na haki.

Wengi huchanganya sera na sheria. Sera ni mwelekeo: serikali inasema inataka kufika wapi na kwa njia gani. Hakuna anayefikishwa mahakamani kwa kuvunja sera. Safari ya wazo huanzia kwenye ilani ya chama wakati wa kampeni, likawa sera chama kikishinda, likaandikwa muswada, likapitishwa kuwa sheria, kisha likatungiwa kanuni za utekelezaji. Mawazo mengi huishia njiani.

Hatua ya 4: Fuata muswada mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho

Hatua hii ipe muda kuliko nyingine zote, kwa sababu nusu ya msamiati wa Bunge umo ndani yake.

Muswada ni pendekezo la sheria. Kenya huandikwa mswada, na neno ni lilelile. Huwasilishwa bungeni na kusomwa kwa mara ya kwanza, ambapo kwa kawaida hakuna mjadala. Kisha hupelekwa kwenye kamati. Kamati ni kundi dogo la wabunge linalouchambua kifungu kwa kifungu na kupokea maoni ya wananchi na wataalamu. Unaporudi, husomwa mara ya pili, na hapo ndipo mjadala mkubwa unapofanyika. Wabunge huchangia, hupendekeza marekebisho, na Spika huongoza. Baada ya vifungu kupitiwa, muswada husomwa kwa mara ya tatu na kupigiwa kura ya mwisho.

Kabla ya kura kuna swali la akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwapo ili uamuzi uwe halali. Tanzania, akidi ni nusu ya wabunge wote. Kenya, Katiba inataka wabunge 50 katika Bunge la Taifa na maseneta 15 katika Seneti. Tofauti hiyo si ndogo. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika, kwa hiyo akidi yake ni kama mmoja kwa kila saba.

Muswada uliopitishwa bado si sheria. Unahitaji kibali cha Rais, na baada ya hapo huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Rais akikataa, huurudisha bungeni pamoja na sababu zake. Tazama sasa safu ya tatu inavyofanya kazi. Kenya, Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili, Rais anatakiwa kuusaini ndani ya siku 7. Tanzania, muswada uliorudishwa ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote na kupelekwa tena kwa Rais ndani ya miezi sita, Rais analazimika kuukubali ndani ya siku 21, la sivyo avunje Bunge. Marekani, kuupitisha tena kwa theluthi mbili katika Seneti na pia katika Baraza la Wawakilishi huufanya muswada kuwa sheria hata bila saini ya Rais. Nguvu hiyo ya Rais kukataa ndiyo huitwa kura ya turufu.

Mfano wa karibu ni Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024. Bunge la Taifa liliupitisha tarehe 25 Juni, siku ya maandamano makubwa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatausaini, akaurudisha bungeni akipendekeza vifungu vyake vyote viondolewe. Wapo waliosema "sheria imefutwa". Si kweli, kwa kuwa haikuwahi kuwa sheria. Kilichokufa ni mswada. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe, hatua hii ameimaliza.

Hatua ya 5: Elewa namna watu wanavyoingia madarakani

Vitenzi ni vinne. Kuchagua hufanywa na wapiga kura. Kuteua hufanywa na mwenye mamlaka ya uteuzi. Kuthibitisha hufanywa na chombo kingine kinachomkubali au kumkataa aliyeteuliwa. Kuapisha humfungulia mtu mlango wa kuanza kazi.

Linganisha: mkuu wa mkoa wa Tanzania huteuliwa na Rais, gavana wa kaunti ya Kenya huchaguliwa na wananchi. Wote wawili husimama mbele ya watu na kuzungumzia barabara na hospitali, lakini wa kwanza anaweza kuondolewa na aliyemteua kwa tangazo moja, wa pili hawezi. Mawaziri nao hutofautiana. Tanzania Rais huwateua kutoka miongoni mwa wabunge, Kenya waziri hawezi kuwa mbunge, na ni lazima Bunge la Taifa limwidhinishe.

Lugha yetu ina mkunjo mmoja hapa. Aliyeshinda uchaguzi lakini hajaapishwa huitwa Rais mteule, ingawa hakuteuliwa na mtu, amechaguliwa. Neno limeshakaa hivyo, lipokee, ila usilifanye kuwa ushahidi kwamba kuchagua na kuteua ni kitu kimoja.

Halafu kuna hesabu. Chukua kura 100 na wagombea watatu: wa kwanza kapata 42, wa pili 35, wa tatu 23. Kwa utaratibu wa wingi wa kura, wa kwanza ameshinda na mambo yamekwisha. Kwa utaratibu wa zaidi ya nusu, hakuna mshindi, maana zinahitajika 51. Inafanyika duru ya pili kati ya wawili wa juu. Wale 23 wa mgombea wa tatu wakigawanyika, 5 kwa wa kwanza na 18 kwa wa pili, matokeo yanakuwa 47 kwa 53, na aliyekuwa nyuma anaibuka mshindi. Wapiga kura ni walewale, ila sheria ya kuhesabu imebadilika. Fanyeni zoezi hili darasani kwa vipande vya karatasi, msisome tu.

Tanzania, Rais hupatikana kwa wingi wa kura. Kenya, anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24.

Maneno mengine ya uchaguzi utayazoea haraka: mgombea, kampeni, daftari la wapiga kura, kituo cha kupigia kura, karatasi ya kura, kura zilizoharibika, wakala wa chama, mwangalizi, uchaguzi mdogo, kupita bila kupingwa. Moja nilitenge: kura ya maoni. Hiyo huamua jambo, si mtu, kama Wakenya walivyoipitisha Katiba yao mpya mwezi Agosti 2010. Vyama navyo hutumia jina hilohilo kwa kura za ndani za kupata wagombea, kwa hiyo angalia muktadha.

Hatua ya 6: Jifunze vitenzi vya kuondoa

Vitabu vingi huruka sehemu hii, nami naiona ndiyo inayomtofautisha anayejua na anayebahatisha. Kila kitu cha kiserikali kina kitenzi chake cha mwisho, na vitenzi hivyo havibadilishani nafasi.

Uteuzi hutenguliwa. Matokeo ya uchaguzi hubatilishwa, kama Mahakama ya Juu ya Kenya ilivyofanya kwa uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Sheria hufutwa na Bunge lililoitunga, lakini mahakama huitangaza kuwa batili ikiwa inakiuka katiba. Kikao huahirishwa, na wabunge watarudi. Bunge huvunjwa, na wabunge hawarudi mpaka wachaguliwe upya. Kiongozi hujiuzulu kwa hiari yake, husimamishwa kupisha uchunguzi, huachishwa au kufukuzwa kazi na mwajiri wake, au huondolewa madarakani kwa kura ya kutokuwa na imani. Mfungwa husamehewa, hukumu hutenguliwa kwa rufaa.

Andika kila kimoja na mtenda wake. Nani huvunja Bunge? Nani hubatilisha? Ukikosea kitenzi umekosea na ukweli, kwa sababu "amesimamishwa" na "amefukuzwa" ni maisha mawili tofauti kwa mtu anayehusika.

Hatua ya 7: Ingia mahakamani

Kesi ni za aina mbili kubwa. Ya jinai, anayeshtaki ni dola yenyewe, ndiyo maana kesi za Tanzania huandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Ya madai, mtu au taasisi humdai mwingine haki: mdai upande mmoja, mdaiwa upande wa pili. Katika jinai ushahidi lazima usiache shaka ya maana. Katika madai inatosha upande mmoja uwe na uzito zaidi.

Mtu mmoja hubadilika majina kadiri kesi inavyosonga. Akishukiwa ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka ni mshtakiwa. Akiwekwa rumande akisubiri kesi ni mahabusu. Akitiwa hatiani na kupewa kifungo ndipo anaitwa mfungwa. Kumwita mtuhumiwa "mhalifu" ni kumhukumu kabla ya mahakama.

Tofautisha pia dhamana, faini na fidia. Dhamana ni ahadi kwamba mshtakiwa atarudi kusikiliza kesi yake, na akipewa dhamana kesi haijaisha. Faini ni adhabu inayolipwa serikalini. Fidia hulipwa kwa aliyeumizwa.

Hakimu na jaji si mtu mmoja. Hakimu huketi mahakama za chini, jaji huketi Mahakama Kuu na zilizo juu yake. Asiyeridhika hukata rufaa ngazi ya juu. Tanzania ngazi ya mwisho ni Mahakama ya Rufani, Kenya ni Mahakama ya Juu yenye majaji 7.

Hatua ya 8: Fedha za umma

Kodi hutozwa kwa mujibu wa sheria na haikupi huduma maalumu papo hapo. Ada hulipwa kwa huduma uliyoiomba, kama pasipoti. Ushuru hutozwa zaidi kwenye bidhaa, na jina lake linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya kumi. Bajeti ni makadirio ya mapato na matumizi, na katika Tanzania na Kenya mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Serikali hupendekeza bajeti, Bunge huidhinisha, mkaguzi hukagua baadaye. Tanzania ofisi moja, ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hudhibiti utoaji wa fedha na kukagua. Kenya kazi hizo zimegawiwa ofisi mbili.

Hatua ya 9: Zoea majina mawili ya kitu kimoja

Anayesoma maandishi ya pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya hukutana na jimbo la uchaguzi upande wa Tanzania na eneo bunge upande wa Kenya, kata na wadi, diwani na mwakilishi wadi, ilani na manifesto, rufani na rufaa. Yote ni sahihi mahali pake. Andika yote mawili katika safu ya kwanza, na kwenye insha shika moja hadi mwisho.

Hatua ya 10: Pima ulichojifunza kwa taarifa ya habari

Kila siku chagua sentensi moja ya habari na uipigie mstari. Tafuta hasa sentensi zenye vitenzi vya kutendwa: "imeamuliwa", "limepigwa marufuku", "ameondolewa". Kiswahili huziruhusu zisimame bila kumtaja mtenda, na maneno kama "mamlaka husika" na "wahusika" hufanya kazi hiyohiyo ya kumficha. Chukua hii: "Imeamuliwa kwamba ada mpya zitaanza kutozwa mwezi ujao." Iandike upya ukimtaja aliyeamua, sheria au kanuni iliyompa uwezo huo, na mahali mtu asiyekubali anapoweza kupeleka malalamiko yake. Usipopata jibu la lolote kati ya hayo matatu kwenye habari yenyewe, liandike kama swali pembeni ya daftari, na kesho lipeleke darasani.